Wawili Wasiokutanishwa

Duluth, Minnesota
Januari 11, 2009

Mpendwa Mzee Harlan,

Salamu kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Asubuhi gari langu lilikataa kuwaka mara tatu, ya nne likanionea huruma. Wewe huko Arizona najua umekaa barazani na shati la mikono mifupi, na wala sikuonei wivu. Naongopa, lakini tuyaache hayo.

Kompyuta yako ya mashindano ya sataranji nimeichukua kule chini kanisani, kwenye kabati la nyuma ya piano. Nilipokubali kushika nafasi yako ya uamuzi nilidhani kazi yenyewe ni kuwaambia watu wanyamaze na kusimamisha saa wakigombana. Hukuniambia kwamba kabla ya kete ya kwanza kusogea kuna mambo thelathini ya kuchagua ndani ya programu hii, na ukikosea moja tu, wachezaji arobaini watakukalia kooni siku mbili nzima.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nimefungua faili la mwaka jana, nikalinakili, nikabadilisha tarehe. Raundi tano, wenye pointi sawa wakutanishwe, aliyecheza nyeupe mara mbili mfululizo apewe nyeusi. Hadi hapo sijapotea. Ila watu wakimaliza na pointi sawa, umeweka kwanza itazamwe nguvu ya wapinzani wao, ndipo mchezo wa wao kwa wao. Mbona si kinyume chake? Halafu mchezaji wa mwisho kabisa akikosa mpinzani, programu inaniuliza kama nina mtu wa akiba. Ninaye?

Na kuna hili la tatu. Chini kabisa, kwenye ukurasa ambao mtu haufungui mpaka autafute, pana orodha ya wachezaji wasiokutanishwa. Humo mna mstari mmoja: Emmett Lindahl na Corey Niemi, raundi zote. Hakuna maelezo. Mimi ni mfamasia, Mzee, chupa isiyo na lebo simpi mtu. Hawa ni nani kwa nani? Mtu na mjomba wake?

Mashindano ni Februari 14 na 15. Nijibu mapema, roho iko juu.

Wako,
Renata Pelkey


Tucson, Arizona
Januari 17, 2009

Renata,

Barazani nimekaa, ndiyo, na shati ni la mikono mifupi, na nimechoka kulitazama jua. Binti yangu Joyce ananilisha matunda kana kwamba mimi ni kasuku.

Umefanya vizuri kuandika barua. Usinipigie simu: sikio la kulia limestaafu na la kushoto linajiandaa. Barua pepe ya hapa ni ya Joyce, naye husoma kila kitu kwa sauti.

Nguvu ya wapinzani inatangulia kwa sababu mwaka 1994 mabwana wawili walikubaliana sare kwenye maegesho ya magari, hata makoti hawajavua. Tangu siku hiyo nataka mtu apate nafasi yake kwa jasho la raundi zote. Mtu wa akiba unaye: ni mchungaji mwenyewe. Anacheza vibaya sana na hufurahi mno akiitwa, kwa hiyo mwambie asiende mbali.

Usiwape wachezaji nafasi ya kuchungulia kioo cha kompyuta unapopanga raundi. Wataanza kukushauri, na ukimsikiliza mmoja umekwisha. Raundi ikitangazwa saa tatu na nusu, saa zianze saa tatu na nusu. Ukiwazoesha dakika tano leo, kesho watakuja na dakika ishirini.

Ule mstari wa Lindahl na Niemi uache. Ni mambo ya zamani, ya kifamilia kidogo. Ukinakili faili unakuja wenyewe kila mwaka, huna haja ya kuugusa.

Harlan Skogstad


Duluth
Januari 28, 2009

Mzee Harlan,

Kifamilia? Emmett Lindahl ni Mswidi wa Eveleth mwenye miaka sabini na moja. Corey Niemi ni Mfini wa hapa mjini, ana thelathini na sita, anachomelea vyuma bandarini. Ukoo wanaochangia hao labda ni wa Adamu.

Nisingekusumbua tena, ila jana ilikuwa Jumanne ya klabu, na Emmett alikuja mwenyewe kujiandikisha. Aliniomba tusogee pembeni, karibu na jiko.

"Mama," akaniambia, "mwezi wa tatu nahamia Oregon kwa binti yangu. Nyumba imeshapata mtu. Haya ndiyo mashindano yangu ya mwisho hapa. Nilitamani nikae na Corey mezani hata mara moja, lakini najua amekataa. Usimlazimishe."

"Nani kakwambia amekataa?"

"Hakuna aliyeniambia. Mashindano saba, mama! Mwaka 2006 tulikuwa watu wawili tu tuliokuwa tumeshinda zote tatu. Mimi zamu yangu nyeupe, yeye zamu yake nyeusi. Mtoto wa darasa la kwanza angetukutanisha. Nikapewa mtu wa pointi mbili na nusu. Nilipomuuliza Harlan akasema kompyuta imeamua."

Corey nilimkuta akikunja viti. Nikamuuliza wazi, maana mimi kuzunguka sijui: wewe ndiye uliyekataa kucheza na Emmett?

"Mimi?" Akacheka, lakini si cheko la furaha. "Yeye ndiye hanitaki. Anajua nikikaa mbele yake nitamuuliza. Mwache aende zake Oregon, ndicho anachotaka."

"Utamuuliza nini?"

Akaendelea kukunja viti, na kila kiti alikikunja kwa nguvu kuliko kilichotangulia.

Kwa hiyo kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyemkataa, na miaka yote wanapishana mlangoni bila salamu. Kompyuta haikuamua lolote, Mzee. Uliamua wewe. Naomba lebo ya hii chupa.

Renata


Tucson
Januari 31, 2009

Renata,

Wewe uliingia klabuni mwaka 2004, ndiyo maana huyajui. Na waliokuwepo hawayasemi.

Corey alikuwa na kaka, Dale. Dale ndiye aliyekuwa bingwa wetu mwaka 2000, kijana mcheshi, mtu wa kumchapa mwenzake halafu akamnunulia kahawa. Alikuwa akifanya kazi Eveleth, na yeye na Emmett walikuwa wakija mashindanoni pamoja kwa gari la Emmett. Februari 2001, Jumamosi ya raundi ya kwanza, walikuwa njiani, Barabara ya 53, kusini kidogo ya kijiji cha Cotton. Theluji ilikuwa nzito. Lori la magogo liliteleza likawafuata upande wao. Emmett alivunjika mguu na mbavu. Dale alifia palepale.

Usukani ulikuwa mikononi mwa Emmett.

Corey alikuwa pale ukumbini wakati huo, anacheza. Alikuwa ameshashinda mchezo wake polisi walipoingia. Mimi ndiye niliyemwita nje.

Mwaka uliofuata Emmett alirudi na fimbo, na Corey naye alirudi. Nikafikiria: nimkalishe huyu kijana kwa muda wa saa nne akimtazama usoni mtu aliyekuwa akiendesha gari lililomuua kaka yake? Ni ukatili. Nikaandika ule mstari. Sikuwauliza kwa sababu kuuliza kwenyewe kungewaumiza. Sasa umejua. Emmett anaondoka mwezi wa tatu na jambo litakwisha lenyewe. Acha lilivyo.

Harlan


Duluth
Februari 4, 2009

Mzee wangu,

Barua yako niliisomea kazini, nyuma ya rafu za dawa za kikohozi, na ilibidi nikae chini kwenye katoni. Pole. Pole kwako uliyemwita yule kijana nje. Sikujua ulikuwa umebeba mzigo huo.

Siku mbili nilijiambia nikuitikie, niache mstari ulale. Lakini kuna kitu hakinikai sawa, nami sitakuficha. Wewe si mtu wa kumwonea mtu aibu. Nimekuona ukimwambia daktari wa meno mbele ya watu kwamba anapiga miluzi kwa pua akikaribia kushinda. Uliwaambia wazazi wa yule binti wa Superior watoke ukumbini, wakatoka. Mtu wa namna hiyo angemwita Corey pembeni akamuuliza, "Unataka kucheza naye au hutaki?" Ni swali la dakika moja. Hukuliuliza kwa miaka minane. Emmett alipokuuliza wewe, ukamsingizia kompyuta.

Kanuni zetu unazijua kuliko mimi. Mwamuzi anaweza kuwazuia watu wasikutane, lakini lazima atangaze, na raundi ya mwisho kizuizi hakiwi na nguvu. Wewe uliziandika mwenyewe, zimebandikwa ukutani kwa mwandiko wako. Kwa hiyo mimi nina njia mbili. Niutangaze huo mstari na sababu yake mbele ya watu wote, au niufute. Kuuacha ulale kimya, siwezi.

Kama kuna jambo ambalo hujaniambia, niambie sasa. Zimebaki siku kumi.

Renata


Tucson
Februari 7, 2009

Renata,

Nimeichana barua hii mara mbili. Hii ya tatu naituma kwa haraka kabla sijaichana nayo.

Lipo.

Asubuhi ile simu ya ukutani pale kanisani ililia saa tatu na dakika kumi na tano. Alikuwa Dale. Wameegesha kwenye mkahawa wa Cotton. Akasema, "Harlan, huku ni nyeupe tupu, mbele hapaonekani, na macho ya Emmett unayajua. Tuandikie nusu pointi, mimi na yeye. Tutaingia raundi ya pili."

Unaijua nusu pointi ya ruhusa. Mtu anakosa raundi moja, hachezi, lakini hapotezi yote. Kwenye mashindano yangu mwisho wa kuiomba ulikuwa Ijumaa saa mbili usiku, na baada ya hapo nilikuwa nimeifunga kwenye programu. Kuifungua ni kazi ya dakika mbili. Kisha ningelazimika kupanga upya raundi nzima na kubandika karatasi mpya, watu wakiwa wameshakaa, na tungechelewa kuanza labda robo saa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya uamuzi, na katika miaka hiyo sikuwahi kuanza raundi nikiwa nimechelewa. Nilijivunia hilo, Renata. Mtu mzima mwenye akili zake, najivunia saa.

Nikamwambia, "Mwisho ulikuwa jana usiku. Saa zinaanza tatu na nusu, na una saa moja ya kuchelewa. Uwe mezani kabla ya saa nne na nusu, la sivyo ni sifuri, wewe na Emmett."

Akasema, "Haya, Harlan."

Saa tatu na nusu nikasema saa zianze. Yake nikaibonyeza kwa mkono wangu, kiti chake kikiwa kitupu. Ilikuwa bado inatembea wakati lile lori linawagonga. Nimeshahesabu.

Waliharakishwa na mimi. Nilimsukuma mzee mwenye macho mabovu aingie kwenye theluji akimbie, kwa ajili ya robo saa yangu. Na Emmett anajua, maana Dale alitoka kwenye simu akaenda moja kwa moja kwenye gari lake. Lazima alimwambia.

Sasa unaijua desturi yetu. Mchezo ukiisha, wachezaji hawaagani. Wanabeba kete zao kwenda chumba cha pembeni, wanaupitia mchezo tangu mwanzo, hapa ulikosea, hapa ningekufa. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Nimesikia watu wakiambiana humo mambo ambayo hawajawaambia wake zao. Hao wawili wakikutanishwa tu, wataingia chumba kile, na Emmett atamwambia Corey nilichosema. Mstari ule sikuuandika kwa huruma. Niliuandika kwa woga. Halafu nikawa nanakili faili kila mwaka, na nikajizoesha kutoutazama.

Joyce hajui. Marehemu mke wangu hakujua. Nakuomba mwaka huu mmoja tu, Renata. Emmett akishaondoka nitatafuta namna yangu ya kumwambia Corey. Nina miaka sabini na nane na ninaogopa. Nakuomba.

Harlan


Duluth
Februari 12, 2009

Mzee Harlan,

Nimeufuta.

Kabla ya kuufuta niliwauliza wote wawili, kila mmoja peke yake. Niliwaambia kwamba hakuna kati yao aliyewahi kumkataa mwenzake, ni uamuzi wa zamani wa mwamuzi. Emmett alishika ukingo wa meza, akasema, "Basi niacheni nicheze." Corey alisema sawa, na sauti yake haikuwa sawa. Hawakuniuliza sababu, nami sikuitoa.

Sitawakutanisha kwa makusudi. Pointi zao zikiwakutanisha, watakutana. Zisipowakutanisha, sitalazimisha. Hiyo ndiyo haki pekee ninayoweza kukutendea wewe na wao kwa pamoja.

Simu ile ya Cotton sitaisema kwa mtu. Si yangu. Lakini usiniombe niilinde, kwa sababu kuilinda ndiko kulikotufikisha hapa.

Nimebadilisha pia kitu kingine. Nusu pointi ya ruhusa sasa naiacha wazi mpaka ninapobonyeza kupanga raundi, na hata baada ya kubonyeza, mtu akipiga simu yuko barabarani kwenye theluji, nitasimamisha kila kitu nimwandikie. Watu watanung'unika. Wanung'unike.

Nimekukasirikia sana, na jana nililia kwa ajili yako. Yote mawili ni kweli na sijui nifanye nini nayo.

Renata


Duluth
Februari 17, 2009

Bwana Skogstad,

Mimi ni Corey Niemi. Anwani yako nimepewa na Renata. Sina mazoea ya kuandika, nivumilie.

Jumapili, raundi ya nne, nilipangwa na Emmett Lindahl. Mimi nyeusi. Nilipoona majina yetu ukutani nilitaka kutoka nikawashe gari niende nyumbani. Nikakaa. Mzee akaja na fimbo yake, akanipa mkono juu ya ubao, akaangusha farasi wangu. Tulicheza kwa muda wa saa tatu na nusu. Kanichapa. Kwenye mwisho wa mchezo mzee yule hana masihara, alichukua ngome yangu kama mtu anayeokota sarafu yake mwenyewe.

Halafu tukaenda chumba cha pembeni. Tulifika hatua ya kumi na mbili hivi, akaweka kete chini, akasema, "Niulize."

Nikamuuliza swali nililolala nalo miaka minane. "Ulikuwa unakimbilia nini?"

Akanitazama kama hajanielewa. "Kukimbia? Corey, nilikuwa natembea maili thelathini kwa saa. Dale mwenyewe alikuwa akinitania kwamba sungura wanatupita."

Kisha akanisimulia, naye akilia bila kujifuta. Pale Cotton Dale alikwenda kukupigia simu, akarudi anacheka. Akasema, "Harlan katupa nusu pointi sote wawili. Kasema tusiharakishe. Agiza pai." Wakakaa. Wakala pai, wakanywa kahawa vikombe viwili viwili, Dale akawa anamwonyesha mchezo fulani kwenye karatasi ya mezani. Walikaa dakika arobaini. Emmett anaamini kwamba wangeondoka mapema wangepita kabla ya lile lori. Hicho ndicho alichokuwa akiogopa nimuulize: kwa nini mlikaa? Alidhani namchukia kwa sababu ya pai. Mimi nilikuwa namchukia kwa sababu ya mwendo wa kasi ambao haukuwepo.

Sasa nakuja kwako. Nitasema kweli, sikuwahi kukupenda. Kwangu ulikuwa mtu wa saa na karatasi, asiyemsamehe mtu dakika moja. Kumbe asubuhi ile ulivunja kanuni yako mwenyewe kwa ajili ya kaka yangu. Hukumwambia mtu, hata ulipokuwa ukisemwa mkali na mimi nikiwa mmoja wa wasemaji. Kwa sababu yako Dale alimaliza asubuhi yake ametulia, anacheka, ana pai mbele yake. Sikuwahi kujua ilikuwaje. Sasa najua.

Nilimwambia Renata pale pale ukumbini jinsi ulivyomtendea Dale. Akageuka akaenda dirishani. Nadhani naye alikuwa hajui una moyo huo.

Mama nilimwendea jioni ile ile. Alinikumbatia shingoni, hakutaka kuniachia. Amesema yule mzee Harlan aombewe kila siku, na ameanza kukuokea mkate wa iliki. Atautuma leo pamoja na hii barua. Ule siku ya kwanza, ukikaa unakuwa mgumu.

Asante, Mzee. Nimechelewa miaka minane kuisema.

Corey Niemi


Tucson
Februari 21, 2009

Corey,

Mkate wa mama yako umefika jana. Uko mezani, sijaukata. Joyce ananiuliza kwa nini.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara tatu za kwanza nilikuwa nimeamua kukujibu "Asante, usijali," nikafikia hata kuandika bahasha. Hakuna ambaye angejua isipokuwa Renata, na yeye hasemi. Mama yako angeendelea kuniombea mpaka nife. Nilikaa na wazo hilo mchana kutwa, na sitakudanganya, lilikuwa tamu.

Sikumpa Dale nusu pointi.

Alipiga simu saa tatu na robo, akaomba kwa ajili yake na Emmett kwa sababu ya theluji na macho ya Emmett. Nikamkatalia. Nilimwambia muda umepita, awe mezani kabla ya saa nne na nusu, la sivyo wote wawili wanapata sifuri. Nilitaka raundi yangu ianze kwa wakati. Nilikuwa na hakika kwamba alirudi kwenye gari akamwambia Emmett waendeshe kwa kasi, na kwamba Emmett atakuambia. Ndiyo maana mimi, kwa mkono wangu, niliwazuia msikutane mashindano saba. Emmett alipouliza nikamwambia kompyuta ndiyo imeamua. Mlichukiana bure miaka minane, na bure hiyo niliitengeneza mimi na kuinakili kila Februari. Kwa hilo sina la kujitetea. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitakuelewa.

Lakini sikuandiki barua hii kwa ajili ya msamaha tu. Soma tena ulichoniandikia. Kutoka Cotton mpaka kanisani ni maili thelathini na nane. Nilipokata simu alikuwa na zaidi ya saa nzima. Wangekimbia, wangefika, na Dale alikuwa bingwa anayetetea taji lake. Sifuri ya raundi ya kwanza ingemwondolea taji, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa akicheza siku ile.

Aliniambia "Haya, Harlan," akatundika simu. Akamwona yule mzee amekaa pale, akifuta miwani yake. Akatembea hatua chache mpaka mezani, na katika hatua hizo akaamua kuliacha taji. Kisha akacheka, akasema ameshapewa nusu pointi, ili Emmett asijione mzigo na asishike usukani kwa hofu. Hata jina zuri la tendo hilo alinipa mimi, ambaye nilikuwa nimetoka kumkatalia.

Mwambie mama yako. Mwambie na Emmett kabla hajaondoka, ajue kwamba alikaa kwenye ile pai kwa sababu kuna mtu aliyempenda kuliko ubingwa. Mimi nilimwambia kaka yako aharakishe. Yeye ndiye aliyekataa.

Harlan Skogstad